Bega la Mtelezaji wa Kukaa: Kuanzia Anguko Hadi Mlango wa Kwanza

Daktari akiandika "wiki sita, mkono upumzike," mkimbiaji wa skii anayesimama hutundika mkono shingoni na kutembea kwenda nyumbani. Anayeshindana akiwa amekaa, kwenye mbio za skii za watu wenye ulemavu, hawezi. Bega ndilo linalomtoa kitandani asubuhi, linalosukuma magurudumu, linalomhamisha kwenda chooni na kuingia garini, na ndilo hilo hilo linaloshika mkongojo kwenye kona ya theluji. Likiumia, amekosa mkono na mguu kwa siku moja. Makosa mengi tunayoyaona yakirudiwa msimu baada ya msimu huanza pale mtu anapopanga kupona kwake kwa kalenda ya mashindano, kabla hajajibu swali dogo lililo mbele yake: kesho nitatokaje kitandani?

Madaraja ya kukaa ni matatu, LW10 hadi LW12. Wa LW10 hana, au karibu hana, nguvu za kiwiliwili. Wa LW12 anazo zote au karibu zote, na humo wamo pia waliokatwa miguu. Wote hukaa kwenye ganda gumu lililofungwa juu ya fremu yenye shokomzoba na skii moja, na mikononi hushika autiriga mbili, yaani mikongojo mifupi yenye vipande vya skii chini yake. Tunayoyaeleza hapa yanamgusa zaidi mwenye jeraha la uti wa mgongo, kwa sababu kwake jeraha la bega huja na mengine nyuma yake.

Bega huumia hivi. Kingo za skii zinaachia kwenye barafu, kiti kinalala upande, na mkono unanyooka wenyewe kuzuia anguko. Ncha ya autiriga inanasa kwenye theluji huku mwili ukiendelea kwenda. Kikuku cha mkongojo kimeuzunguka mkono chini ya kiwiko, kwa hiyo hauchomoki. Unavutwa juu na nyuma. Hapo kichwa cha mfupa hutoka mbele ya tundu lake, au kano za misuli minne midogo inayokishikilia huchanika. Ukiangukia bega lenyewe, mtulinga ndio unaovunjika. Kwenye daunihili, mbio za kuteremka zenye kasi kuliko zote, ambako mwendo hupita kilomita 100 kwa saa, hakuna muda wa kufikiri, kwa hiyo anguko lazima lifundishwe kama kona inavyofundishwa: viwiko mbavuni, ngumi mbele ya kifua, acha kiti kiteleze hadi kisimame chenyewe. Zoezi hili lifanywe kwenye mkeka wa mazoezi kabla ya msimu, pande zote mbili.

Dakika za kwanza ndizo zinazoharibiwa zaidi, na huharibiwa na watu wenye nia njema. Wa kwanza kufika atakushika makwapani akuinue. Mkatalie kwa sauti. Bega lililochanika nusu linaweza kuchanika lote kwa mvuto huo mmoja. Mwambie akizuie kiti kisiteleze, kisha asubiri mwenzake. Watu wawili washike fremu na kukuinua pamoja na kiti. Kama shingo au mgongo unauma juu ya sehemu iliyopooza, au umepoteza fahamu hata kwa sekunde chache, usisogezwe hadi waokoaji wafike.

Kisha, bega likiwa linapiga kelele peke yake, kumbuka miguu isiyosema. Mifupa ya miguu iliyopooza hupungua madini na kuwa dhaifu, na fupa la paja karibu na goti huweza kuvunjika bila maumivu yoyote. Vua buti na suruali kabla ya kuondoka kliniki ya mlimani, ulinganishe magoti na vifundo vya miguu: uvimbe, joto, wekundu, mguu uliopinda kuliko jana. Misuli kukakamaa ghafla kuliko kawaida ni dalili pia. Tumeona watu wakipigwa eksirei ya bega asubuhi, kisha ya paja siku nne baadaye.

Mwenye jeraha la uti wa mgongo kwenye T6 (pingili ya sita ya kifua) au juu zaidi ana hatari nyingine ambayo madaktari wengi wa hospitali ndogo za milimani hukutana nayo mara chache. Mfupa uliovunjika chini ya jeraha, kibofu kilichojaa, mkanda uliobana sana au mpira wa mkojo uliopinda huweza kupandisha presha kwa ghafla. Madaktari huiita disirefleksia ya otonomia. Kichwa kinagonga, uso unaiva, jasho linatoka juu ya jeraha, mapigo ya moyo yanapungua. Kwa kuwa presha ya kawaida ya mtu huyu mara nyingi ni 90 hadi 110 kwa namba ya juu, kipimo cha 140 ambacho muuguzi atakiona cha kawaida kwake kinaweza kuwa hatari. Mketishe wima, miguu ishuke, legeza kila kinachobana, angalia mkojo kwanza, kisha haja kubwa, kisha ngozi. Andika haya kwenye kadi, pamoja na presha yako ya kila siku, na kadi ikae ndani ya koti la mashindano. Siku hiyo hutakuwa na pumzi ya kufundisha mtu.

Hospitalini, eksirei itaonyesha mfupa lakini haitaonyesha kano. Ukiambiwa hakuna kilichovunjika na bado huwezi kuinua mkono, omba picha ya MRI au ultrasaundi. Na kabla hujalala hapo usiku wa kwanza, dai godoro la kuzuia vidonda na kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kidonda cha kukaliwa kinaweza kukuweka kitandani muda mrefu kuliko bega lenyewe. Ndiyo maana wazoefu huanza na ngozi.

Halafu linakuja swali la upasuaji. Kano iliyochanika kabisa ikiachwa hujivuta nyuma, na misuli yake hugeuka mafuta kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo kusubiri "nimalize msimu kwanza" kuna gharama. Upande wa pili, kano iliyoshonwa ikibebeshwa uzito wa mwili mapema hufumuka. Muulize mpasuaji maswali yanayomlazimisha afikirie maisha yako: Nitaanza lini kuuegemea mkono huu ninapohama kutoka kitandani? Lini kusukuma kiti kwenye sakafu tambarare? Lini kwenye mwinuko? Amewahi kumshona mtu anayetumia kiti mwendo? Akijibu maswali yote kwa "wiki sita", bado hajakuelewa. Mkanda wa kuning'iniza mkono huvaliwa kiasi cha wiki 6. Kuhamisha mwili kwa mkono huo husubiri hadi wiki ya 12 hivi, na mashindano ni mwezi wa sita au zaidi. Mtulinga uliowekewa bamba na skrubu huweza kwenda haraka zaidi, lakini kwa idhini ya picha ya eksirei, si ya hisia zako.

Kama upasuaji si wa dharura, una siku kadhaa za dhahabu kabla yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja utakufundisha maana yake. Funga mkono ulioumia kifuani na uishi hivyo kutwa nzima, pamoja na msaidizi, ukiandika kila kinachokwama. Kitakachokwama kwanza ni kiti: ukisukuma gurudumu moja unazunguka mahali pamoja. Unahitaji kiti mwendo cha umeme, usukani upande wa mkono mzima, na ikiwezekana kiwe na uwezo wa kuinamisha kalio na mgongo pamoja, kwa sababu hutaweza tena kujiinua kwa mikono kupumzisha makalio. Pima milango kabla hakijafika. Viti vingi vya umeme ni vipana kuliko chako. Kitakachokwama pili ni kuhama. Msaidizi mmoja na ubao wa kuhamia hawatoshi kwa wiki za mwanzo kwa mtu mzito au asiye na kiwiliwili. Inahitajika winchi ya kunyanyulia, na wanaoitumia wafundishwe kabla, wewe ukiwa bado unaweza kuwasahihisha.

Cha tatu watu huona haya kukitaja, na ndicho kinachowavunja moyo wengi: choo. Kujiwekea mpira wa mkojo kwa mkono mmoja ni kazi kubwa, kwa wengine haiwezekani kabisa. Kubaliana na daktari kabla ya upasuaji kama mpira utaachwa ndani kwa wiki chache au nani atakusaidia kila baada ya saa nne hadi sita. Kuhusu haja kubwa, kama mkono uliozoea ndio ulioumia, mtafute muuguzi wa nyumbani mapema. Dawa za maumivu zitafanya tumbo kufunga, na tumbo lililofunga kwa mwenye jeraha la juu ni njia ya moja kwa moja kuelekea presha ile tuliyoitaja.

Usiku nao una mtego wake. Baada ya upasuaji utaambiwa ulale nusu umekaa, mto chini ya kiwiko ili kiwiko kisianguke nyuma ya mwili. Ushauri huo ni mzuri kwa bega na mbaya kwa ngozi ya mwisho wa mgongo, kwa sababu mwili unateleza polepole kuelekea miguuni na ngozi inavutwa. Inua magoti kwanza, kichwa baadaye. Usipandishe mgongo zaidi ya unavyohitaji. Na asubuhi na jioni mtu apige picha ya makalio yako kwa simu. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa maana yake sehemu hiyo haikaliwi leo.

Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha kwa udogo wake. Wiki za mwanzo mtaalamu wa fiziotherapia anauchukua mkono wako na kuusogeza yeye, wewe umelegea. Kisha unasaidia kidogo. Kisha unasukuma ukuta bila mkono kusogea. Mpira wa kuvuta unakuja baadaye: kuvuta kuelekea mbavuni, kuzungusha mkono kwenda nje kiwiko kikiwa ubavuni na taulo limekunjwa katikati. Nguvu ya kuzungusha nje ndiyo ya kuifuatilia, kwa sababu kusukuma kiti na kupiga milango (nguzo za njia ya mbio) hujenga kifua na sehemu ya mbele ya bega, na bega lenye mbele nene na nyuma dhaifu hutoka tena. Kwa kila zoezi la kusukuma, fanya mawili ya kuvuta. Na usilipime bega linalopona kwa kulilinganisha tu na la pili, maana la pili kwa miezi hiyo yote limebeba nyumba nzima.

Hilo bega la pili tunataka tulisemee kwa nguvu. Ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowatoa watu mchezoni moja kwa moja. Hesabu mara unazohama kwa siku: kitanda, kiti, choo, bafu, gari, kochi, na kurudi. Wengi hushangaa kufika 15 na zaidi. Punguza kwa nusu. Vaa ukiwa kitandani, kaa kwenye kiti wakati wenzako wamehamia kochini, usitoke garini kwa jambo linaloweza kusubiri. Unapohama, toka juu kwenda chini, mkono karibu na paja, kichwa kiende upande mmoja na makalio upande mwingine. Ukirudi kwenye kiti cha kusukuma, sukuma kwa mkono mrefu na wa polepole, kisha uache mkono ushuke chini ya duara la gurudumu unaporudi nyuma. Bega zima likianza kuuma usiku, hiyo ni habari ya kumpigia daktari siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye ratiba ya fiziotherapia. Aliyeumia uti wa mgongo miaka mingi iliyopita alikwisha kulia, akajifunza kuoga, kuvaa, kuendesha gari, akajenga uhuru wake kipande kwa kipande. Siku mtu mwingine anapomwosha tena mgongo, kilio kile cha zamani hurudi kizima, na kinamkuta hajajiandaa kwa sababu yeye alidhani analia bega. Hasira kwa anayekuhudumia, kukataa kula, kulala mchana kutwa, kuchukia hata kuona theluji kwenye runinga: mengi ya haya si udhaifu wa mwanamichezo. Mtafute mwanasaikolojia tangu wiki ya kwanza, kama ulivyomtafuta mfiziotherapia, usisubiri uzame. Omba kazi halisi timuni, kama kukata video za mazoezi na kupima muda wa kila kipande cha njia. Kazi inayokupa saa ya kuamka. Na mlipe msaidizi hata kama ni ndugu, au angalau mpe siku za kupumzika zilizoandikwa. Nyumba nyingi zimechoka kabla bega halijapona.

Fedha huvuja mahali pasipotarajiwa. Upasuaji waweza kuwa na bima. Kukodi kiti cha umeme, winchi na msaidizi wa usiku mara nyingi hakuna. Soma bima ya safari neno kwa neno kabla ya msimu, kwa maana nyingi huondoa mashindano na mazoezi ya mashindano, na kurudishwa nyumbani ukiwa umelala hugharimu viti kadhaa vya ndege. Weka risiti zote, na umwombe daktari aandike kwamba kiti cha umeme ni sehemu ya matibabu, kwani barua ya namna hiyo hufungua milango ambayo maombi ya kawaida hayafungui.

Halafu dawa. Shirika la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA, limepiga marufuku tramadol, dawa kali ya maumivu, wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024, na sindano zote za glukokotikoidi, dawa za kupunguza uvimbe, pamoja na ile ya ndani ya kiungo, tangu 2022. Nje ya mashindano zinaruhusiwa, lakini mabaki hukaa mwilini, kwa hiyo mtu aliyechomwa sindano ya bega siku chache kabla ya mbio anajitia matatani. Hifadhi rekodi ya jina la dawa, kipimo na tarehe, na uombe kibali cha matibabu inapobidi. Kama uko kwenye kundi la wanaopimwa, taarifa za mahali ulipo zinaendelea kudaiwa hata ukiwa wodini. Mpe mtu kazi ya kuzijaza. Kuhusu daraja lako, jeraha la muda halilibadilishi. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa kudumu, basi omba upitiwe upya, ukiwa na vipimo mkononi.

Kabla ya kurudi kwenye theluji, vifaa navyo vilipata ajali. Kofia iliyogonga kwa nguvu itupwe. Osha fremu, ikaguliwe kwenye viungio vilivyochomelewa na matundu ya bolti, na fimbo ya shokomzoba ikunjuliwe kuona kama imepinda. Kisha keti ndani ya ganda. Miezi mitano bila mazoezi imekuondolea nyama za makalio na mgongo. Utaona vidole viwili vinaingia kati ya nyonga na ukuta wa ganda, mahali ambapo awali hata karatasi haikupita. Pengo hilo lina madhara mawili: unainama kwenda kwenye kona na skii inachelewa kukufuata, na wewe unafidia kwa kuegemea autiriga, yaani bega. Pia mfupa unasugua pale pale kila unapopiga mashimo. Jaza kwa sponji ngumu, vipande vyembamba, ukikagua ngozi baada ya kila saa ya kukaa. Kwa kuwa uzito umebadilika, mvutano wa springi ya shokomzoba upangwe upya ukiwa umeketi na nguo zote za mbio. Mikanda ifungwe ukiwa umeshusha pumzi. Bizimu ya mwisho ivutwe na mtu mwingine, kwa sababu kuivuta kuelekea nyuma ni mwendo ule ule uliolitoa bega.

Siku ya kwanza iwe saa moja, theluji laini, mteremko wa wanaoanza. Ajabu ni kwamba kuteleza hakulisumbui bega kama lifti ya viti na kuinuka baada ya kuanguka. Mwombe mwendeshaji apunguze mwendo na msaidizi ainue fremu kutoka nyuma. Kuinuka mwenyewe kuanze tena baada ya kulifanya zoezi hilo ndani, mkekani, bila maumivu. Baada ya siku kadhaa za kuteleza huru, ingia kwenye milango mifupi ya mazoezi, kisha slalomu kubwa, ambako milango iko mbali mbali. Slalomu ya kawaida ije baadaye, ingawa kasi yake ni ndogo, kwa sababu humo mkono na bega hupigwa na nguzo moja baada ya nyingine. Supa-G, yenye kasi karibu na ya daunihili, na daunihili yenyewe ziwe za mwisho, maana humo mapigo ni machache lakini anguko moja latosha.

Inawezekana kurudi, tena juu kabisa. Alana Nichols, mtelezaji wa kukaa wa Marekani, aliumia bega kwenye theluji katikati ya 2013 na kufanyiwa upasuaji. Machi 2014, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sochi, Urusi, alichukua medali ya fedha ya daunihili ya wanawake wa kukaa, nyuma ya Anna Schaffelhuber wa Ujerumani. Lakini kwenye supa-G ya michezo hiyo hiyo alianguka vibaya. Yote mawili ni sehemu ya kazi hii, na anayempa moyo majeruhi kwa medali bila kumtajia anguko hamtendei haki.

Mbio za kwanza hazipimwi kwa muda ulioandikwa ubaoni. Jioni kagua ngozi, weka barafu begani kwa dakika 15 kitambaa kikiwa katikati, lala. Asubuhi, kabla ya dawa yoyote, hama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Kama maumivu ni yale ya juzi, endelea na hatua uliyopo. Kama yameongezeka, leo utakata video za wenzako, na kesho utarudi kwenye milango mifupi.